Leo Tupo

Tarehe 17 Januari

Wifi yangu wa mashuka,

Pokea salamu nyingi kutoka mlango wa kijani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mashine za kufulia hapo hospitalini kwenu hazijalimaliza hilo sikio la kushoto lililobaki. Ningekupigia simu, lakini najua huisikii, na kaka yako alikuwa akisema mambo ya moyoni hayaandikwi kwa dole gumba. Kwa hiyo nimenunua karatasi, kama alivyokuwa akinunua yeye.

Sisi hatujambo. Binti yetu amepanda darasa. Anakusalimu na anasema ukija uje na zile biskuti za kopo, na kopo uliache. Mimi naendelea na cherehani. Mwezi huu ni sare za shule tu, kola baada ya kola. Paa linavuja pale pale, juu ya kabati. Nimeweka sufuria. Unakumbuka ulivyomcheka kaka yako? "Fundi wa miavuli, nyumba yako inalowa!" Naye akakujibu bila hata kuinua kichwa, "Wateja kwanza."

Sasa nikueleze jambo lililonifanya niandike. Juzi alikuja mtu wa kampuni ya bima, suti safi, viatu vimejaa tope. Kampuni yao inabadilisha jina, inataka kuitwa Mwavuli. Wameshachapisha hadi kalamu, ndipo wakagundua kwamba jina hilo kwenye mtandao lina mwenyewe, na ukurasa wake unaonyesha mlango wetu. Akasema wanataka kulinunua. Mimi nikadhani anataka kile kibao cha nje. Nikamwambia, "Baba, nikwambie ukweli, kimeoza upande mmoja." Akacheka, halafu akanielewesha taratibu.

Nikamwambia mwenye jina alikuwa mume wangu, marehemu. Akatazama karatasi zake akasema hapana, aliyelisajili ni wewe. Ndipo nikakumbuka lile darasa lako la kompyuta, miaka kumi na mmoja iliyopita. Mwalimu alisema kila mwanafunzi asajili jina moja na atengeneze ukurasa mmoja. Wenzako wakaandika majina yao. Wewe ukaandika kazi ya kaka yako. Na kila mwaka umelilipia, na sijawahi kukusikia ukilitaja.

Kwa hiyo neno ni lako, Wifi. Bila saini yako hakuna kitu. Walichotaja kingetosha kuezeka nyumba yote upya. Sikusukumi, nakwambia tu kilivyo.

La pili ni dogo. Ule ukurasa bado unasema LEO TUPO. Tangu tumzike Novemba watu wanasoma, wanakuja, wanabisha. Kama kuna namna ya kulibadilisha hilo neno, libadilishe kabla mvua hazijaanza.

Wako wa mlango wa kijani.

*

Tarehe 22 Februari

Wifi wa mlango wa kijani,

Nimeipata barua yako na nimeisoma mara mbili, moja kwa ajili ya habari na moja kwa ajili ya mwandiko. Nyinyi mnaoshona mnaandika kama mnapiga mstari wa chaki kwenye kitambaa.

Mimi mzima. Sikio lipo. Stoo imeletewa mashuka mapya mia nne, na kila moja limepigwa mhuri kichwa chini. Msimamizi anasema tuyarudishe. Mimi nasema mgonjwa akishalala hasomi mhuri. Tumebishana wiki nzima, nimeshinda. Binti yetu mwambie biskuti zipo, kopo nitaliwaza.

Nakuomba tena radhi kwa kutofika msibani. Kama nilivyokuandikia wakati ule, nilinyimwa ruhusa, na kazi ya serikali unaijua.

Mtu wa bima mwambie asubiri. Kama walingoja hadi kuchapisha kalamu ndipo wakauliza, wanajua kungoja. Na lile neno nitalitazama nikipata nafasi. Kompyuta ya stoo inasumbua.

Usilale na sufuria chumbani, utaikanyaga.

Wako wa mashuka.

*

Tarehe 20 Machi

Wifi yangu,

Salamu zako zimefika, na binti yetu amecheka sana habari ya mhuri. Amepata alama nzuri za hesabu. Nilimpa ile rula ya chuma ya baba yake, ameipokea kwa mikono miwili.

Sufuria niliikanyaga. Ulijuaje?

Mvua zimeanza, na watu wameanza nazo. Wanabisha kwa heshima, wananikuta kwenye cherehani, wanachungulia nyuma yangu. "Fundi yupo?" Nimeshajua kulisema jibu bila sauti kukatika, isipokuwa asubuhi. Asubuhi bado sijazoea. Asubuhi ndiyo ilikuwa saa yake. Alikuwa akishafungua mlango anautia kizuizi cha gogo, anatoa simu mfukoni, anapiga, inaita, anakata. Kila siku. Siku moja nikamuuliza, "Unamsumbua nani asubuhi yote hii?" Akasema, "Namsalimia mdogo wangu." Nikamwambia hiyo salamu gani isiyo na maneno. Akasema yanatosha. Simu yake ipo kwenye droo pamoja na koleo. Sijaiwasha tangu siku ile.

Wiki hii nimehesabu miavuli iliyobaki kwenye misumari. Ni ishirini na mitatu, na mingi alikuwa ameshaimaliza. Unajua hakuwahi kuwauliza wateja majina, aliona haya. Aliandika alivyowaona, kwenye vipande vya boksi, akafunga kwa uzi. "Mwalimu mwenye kikohozi." "Bibi wa maua, ana haraka kila siku." "Mrefu, ainame mlangoni." "Huyu hana, mpe tu." Mmoja wa bluu, mbavu nane za chuma, mpini wa mti, umeandikwa "Kichwa Ngumu, aje mwenyewe." Huyo simjui kabisa. Wewe uliwahi kumsikia akimtaja?

Mtu wa bima alirudi. Nimemwambia unafikiri. Kasema kampuni inaweza kungoja hadi mwisho wa Agosti, baada ya hapo watatafuta jina jingine. Kompyuta ya stoo imepona?

Wako wa mlango wa kijani.

*

Tarehe 6 Aprili

Wifi,

Salamu kwenu nyote. Hapa hatujambo.

Jina siuzi.

Nimefikiri kama ulivyowaambia, na jibu ni hilo. Usinione mbaya. Wewe una mlango aliokuwa akiufungua, una koleo zake, una kabati, una mtoto mwenye pua yake. Mimi huku nina neno moja. Kila asubuhi, kabla sijafungua stoo, nafungua ule ukurasa, nalisoma. Ndicho nilicho nacho. Wakija watu, wewe waambie. Wanasikia.

Paa nitakuchangia polepole kutoka mshahara wangu.

Wa mashuka.

*

Tarehe 4 Mei

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu, na usiwe na wasiwasi, sijakasirika. Nilikaa na barua yako siku kadhaa kwenye mfuko wa gauni, ikawa inanikwaruza kila nikiinama, nikasema acha inikwaruze. Binti yetu alikuwa na homa, sasa amepona na anadai kila kitu kitamu. Sikutaka kukuandikia akiwa mgonjwa, ungeshindwa kukunja mashuka.

Ulichosema ni kweli. Nina mlango. Sikuwa nimewaza kwamba wewe huna.

Kwa hiyo habari ya kuuza sitakuuliza tena. Paa letu limevuja likiwa na fundi ndani, litavuja bila yeye. Na mshahara wako uache, ununue viatu.

Lakini nikusimulie jambo moja. Jumanne iliyopita mvua ilikuwa kubwa. Alikuja mzee mmoja, amelowa hadi soksi, anakohoa. Nikamjua palepale, nikamwambia, "Wewe ni mwalimu."

"Umenijuaje?"

"Umeandikwa."

Nikamshushia mwavuli wake. Akasoma kile kipande cha boksi, akacheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia. Akakaa kwenye kigoda cha Fundi bila kuambiwa. Akasema, "Lakini mama, mimi nimetoka mbali. Nilitazama asubuhi. Imeandikwa mpo."

"Tupo, Mwalimu."

"Sasa mbona unasema hayupo?"

Mzee wa watu alisimama akanipa pole kama mtu aliyekosea nyumba. Akaondoka ameukumbatia mwavuli kifuani, hakuufungua, na mvua ile. Nilisimama mlangoni nikimwita, "Mwalimu, fungua mwavuli!" Hakugeuka.

Hicho ndicho kinachoniuma. Si kubishiwa hodi. Ni kwamba wanakuja na furaha yao, na mimi ndiye ninayewavua.

Nimeamua miavuli yote irudi kwa wenyewe. Kama hutaki kuligusa lile neno, liache. Naomba tu uongeze mstari mdogo chini yake: Njooni mchukue miavuli yenu. Na ukiweza, siyo lazima, niambie kwa nini neno lenyewe haliguswi. Mimi si mtu wa kompyuta, lakini nimeishi na ndugu yenu miaka kumi na minane. Najua mtu wa kwenu akisema mashine inasumbua, mashine ni nzima.

Ule wa bluu bado upo. Nikikosa kabisa mwenyewe nitampa mtu wa bima, maana wa kwake, wenye jina la kampuni, ulipinduka hapa mlangoni na ubavu ukakatika. Nilijaribu kumfungia kwa waya kama nilivyokuwa nikimwona Fundi akifanya. Umesimama, ila ukifunguliwa una kigugumizi.

Wako, mlango wa kijani.

*

Tarehe 23 Mei

Wifi yangu,

Usimpe mtu wa bima ule mwavuli.

Salamu kwanza, samahani. Salamu kwako na kwa binti yetu. Leo sina utani. Nimeomba kutoka mapema, nimekaa kwenye meza yangu mchana huu, jirani anapika na redio, mimi siisikii ila naona kichwa chake kikicheza. Nikiacha hadi kesho sitaandika.

Ule mstari nimeuweka. Uko chini ya neno.

Ulimwona akipiga na kukata, akakwambia ananisalimia. Ilikuwa salamu, lakini ilikuwa na kazi pia. Simu siisikii, lakini ikitetemeka mfukoni mwa aproni naisikia hadi kwenye mbavu. Tulipatana tangu mwaka ule wa kwanza. Bipu moja, amefungua. Bipu mbili, leo hafungui. Nikipata moja, naandika LEO TUPO. Nikipata mbili, LEO HATUPO. Yeye hakuwahi kujua ule ukurasa unabadilishwaje, na hakutaka kujua. Alisema mtandao ni mimi. Miaka kumi na mmoja, Wifi. Nimewahi kulibadilisha nikiwa na mzigo wa mashuka begani. Nimewahi kulibadilisha nikiwa kitandani na drip mkononi.

Siku ile ya Novemba sikupata kitu. Nikangoja. Neno lililokuwepo ni la jana yake. Saa nne ikaingia meseji ya binti yetu.

Na sikunyimwa ruhusa. Nilikudanganya. Msimamizi wangu alinipa siku saba na akaniitia teksi kwa pesa yake. Nilifika stendi, tiketi mkononi, mfuko wangu miguuni. Nikakaa kwenye benchi nikaiweka simu pajani. Nikajisemea, kama kweli hafungui tena, atanibipu mara mbili. Akinibipu mara mbili nitaamini, nitapanda. Basi la asubuhi likaondoka. La mchana likaondoka. Mfagiaji akanifagia miguu mara tatu. Nikarudi chumbani. Siku zote saba nilikaa nikikunja nguo zilizokwisha kunjwa, na nyinyi mnamzika.

Ndiyo maana neno haliguswi. Hajanipa bipu mbili. Nikiliandika kwa mkono wangu bila yeye kuniambia, itakuwa mimi ndiye nimemfungia mlango.

Na Kichwa Ngumu ni mimi. Aliniita hivyo tangu nikiwa na miaka sita, kwa siri, maana mama alikuwa anakataza. Mara ya mwisho nilipokuja, miaka miwili sasa, upepo ulinivunjia mbavu mbili za mwavuli huo, nikamwachia. Baadaye nikamwandikia autume kwa basi. Akanijibu mstari mmoja: "Hautumwi. Njoo." Nikasema mwezi ujao. Mwezi uliofuata nikasema mwezi ujao. Unajua mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kwamba yupo, kila siku ya Mungu, na sikwenda kumwona.

Sasa umeshajua. Ukitaka kukaa kimya, nitaelewa.

Wifi yako.

*

Tarehe 11 Juni

Wifi yangu, Kichwa Ngumu,

Niruhusu nikuite hivyo mara moja tu.

Sisi wazima. Binti yetu ameng'oka jino la mwisho la utoto, ameliweka kwenye kopo la vifungo, na mimi nimeshalitoa mara mbili nikitafuta kifungo. Barua yako imefika Jumatatu. Nilifunga cherehani nikaisoma, kisha nikaosha vyombo vyote vya ndani, hata visafi.

Sikiliza. Siku ya mazishi nilikutafuta kwa macho, sikufichi. Niliuma meno. Baadaye ile barua yako ya kunyimwa ruhusa ikaja, nikaikubali kwa sababu nilitaka kuikubali. Sasa kwa kuwa umeniambia kweli, na mimi nina yangu. Asubuhi ile alipoanguka hapo mlangoni, gogo lilikuwa ndiyo kwanza limewekwa. Simu ilikuwa mkononi, Wifi. Niliichukua kutoka kwenye vidole vyake ili nimpigie jirani mwenye gari. Ilikuwa na namba yako kwenye kioo, haijabonyezwa. Sikuwahi kumwambia mtu, nilidhani ni salamu tu. Kumbe alikuwa anakuja kukwambia. Hakukusahau, na hakukutupa. Alichelewa kidogo tu, na mimi ndiye niliyeifuta namba.

Basi nimeitoa ile simu kwenye droo, nimeiweka chaji. Imekataa siku nzima, ikawaka jioni kama mtu aliyeamshwa. Nikifikiria, bipu mbili mtu mwingine anaweza kuzitoa kwa niaba yake. Mke anaweza. Lakini sitabonyeza ukiwa huko na mimi huku. Nitabonyeza ukiwa umesimama hapa.

Ule mstari wako umefanya kazi. Bibi wa maua alikuja, akachukua, akaniachia ua moja kwa haraka zake. Mrefu alikuja, na hakuinama, amegonga kichwa. Yule wa "huyu hana, mpe tu" alikuja na pesa mkononi. Nikamwonyesha boksi, nikamwambia siwezi kubishana na maandishi. Imebaki minne, na wenyewe watatu wameshatuma salamu kwamba wako njiani. Halafu utabaki mmoja. Nimeufuta vumbi. Nimesoma kile kipande cha boksi tena: "aje mwenyewe." Hakuandika lini.

Wako, mlango wa kijani.

*

Tarehe 2 Julai

Wifi yangu,

Salamu. Nimeomba siku saba. Msimamizi akaniangalia, akauliza, "Safari hii unapanda basi?" Kumbe alijua. Mfagiaji wa stendi ni shemeji yake.

Nakuja tarehe kumi na tano. Usimwambie mtu wa bima lolote bado. La kuuza au kutouza tutaliamua hapohapo mlangoni, sisi wawili, baada ya lile jingine. Nikiwa bado sijalipokea hilo, mtu akilitaja jina naona kama anamtaja yeye.

Sema na binti yetu anisubiri stendi, ili nikifika nisiweze kurudi.

Kichwa Ngumu (sasa imetosha).

*

Tarehe 3 Septemba

Wifi yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa chini ya paa jipya. Lina kelele. Mvua ndogo tu ya jana na nyumba nzima ilikuwa kama imejaa watu wanaopiga makofi. Binti yetu amepata kazi mpya ya kuisikiliza na kuniambia inanyesha, kana kwamba mimi sisikii. Sufuria imerudi jikoni, lakini naona kama nayo imezoea kule juu ya kabati.

Kopo la biskuti limekuwa la vifungo. Jino nimeshindwa kulitenganisha navyo.

Tangu uondoke nimekuwa nikiirudia ile asubuhi, nisije nikapoteza kitu. Tulikuwa tumetoka makaburini, viatu vyako na vyangu vina udongo mmoja. Uliuchukua mwavuli kwenye msumari mwenyewe. Uliufungua humohumo ndani, ukauzungusha, ukahesabu mbavu kwa kidole. Zilikuwa nane. Mbili alizifunga kwa uzi mwekundu, na wewe ukasema, "Huu uliisha zamani. Alikuwa ananingoja." Nikakwambia ndiyo. Sikuwa na namna ya kuilainisha, na nadhani hukutaka nilainishe.

Kisha ukaenda ukasimama kwenye kizingiti, mgongo kwangu, simu kiganjani. Nikabonyeza. Ikaita, nikakata. Niliona mabega yako. Nikabonyeza tena. Ikaita, nikakata. Binti yetu akataka kusema kitu, nikamshika mkono. Mchuuzi wa mkaa akapita na kurudi. Ndipo ukaandika. Ukanionyesha kioo. Ulikuwa umeandika HATUPO, na LEO umeifuta.

Halafu ukavuta pumzi ukasema, "Sasa ni jina tu. Mwite mtu wa bima."

Nimeuona ukurasa wao mpya, binti yetu alinionyesha. Kuna familia inacheka mno chini ya mwavuli mkubwa. Nimeuhesabu mwavuli wao, una mbavu saba. Mbavu saba, Wifi! Fundi angeenda hadi ofisini kwao. Lakini nimewasamehe, na mtu wao alinitumia kalamu sita. Hii ninayoandikia ni moja yao, na wino wake ni mzuri.

Vile vipande vya boksi nimevishona pamoja kwa uzi kama kitabu. Cha kwako unacho wewe, kwa hiyo kitabu kina pengo mwishoni. Nimeliacha.

Nina ombi. Simu yake inafanya kazi, na mimi asubuhi bado naamka saa yake. Nikishafungua mlango na kuweka gogo, nitakubipu mara moja. Usihangaike, hakuna tena ukurasa wa kubadilisha. Nataka tu itetemeke kwenye aproni yako, ujue nimefungua. Siku moja usipoipata, usikae kwenye benchi la stendi. Panda basi.

Na mvua ikikukuta huko njiani kati ya nyumba na stoo, ukaufungua huo wa bluu, unikumbuke na mimi.

Wako, mlango wa kijani.